Kitambaa cha Droo ya Tatu

Nyinyi wawili niliowaachia duka, mkifungua droo ya tatu ya meza ya kazi, ile inayokwama mvua ikinyesha, mtakuta kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya kijani pembeni. Msikifanye dasta. Msimpe mteja afungie redio yake. Kiacheni hapo hapo kilipo. Mliwahi kuniuliza ni cha nini, nikawajibu kuwa ni kifaa cha kazi, mkacheka. Sasa magoti yangu yamekataa ngazi na macho yamekataa nyaya nyembamba, nimekaa nyumbani na nina nafasi ya kuwaeleza. Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu kosa ninalotaka mlijue nilikuwa nimefundishwa kuliepuka tangu wiki ya kwanza.

Kazi hii sikuiingia kwa kipaji. Baba alifariki, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, nami nilikuwa binti wa darasa la sita mwenye wadogo watatu. Wa mwisho, Zuberi, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Wazee walikaa kikao wakapanga kutugawa: mmoja Mlola, mmoja Mtae, mmoja kwa shangazi Tanga. Nikasema hatugawanywi. Mjomba mmoja akaniuliza, "Utawalisha nini, hesabu za darasa la sita?" Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilishuka Soni na Zuberi mgongoni na kikapu cha maharage kichwani.

Niliuzia nje ya kibanda cha Mzee Ngonyani, fundi redio. Alikuwa mtu wa Songea, aliletwa milimani na kazi ya chai; kifua kilipomshinda shambani akabaki na redio za wenzake. Kishambaa hakukijua zaidi ya salamu, na salamu zenyewe alizikosea. Mikono yake ilikuwa imara kwenye kulehemu, lakini kalamu ilimtetemesha. Siku ya tatu akaniita, "Wewe mwenye mtoto. Unajua kuandika?" Nikasema najua. Akanipa daftari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika ufundi: sikushika bisibisi hata moja, niliandika.

Utaratibu wake mnaujua, maana nimewalazimisha nyinyi pia. Mteja akija, apewe stuli. Aulizwe jina lake hata kama ni jirani. Kisha aulizwe: uliona nini? Na lile atakalosema liandikwe kama alivyolisema, chini ya maneno "Mteja anasema", kabla kifaa hakijafunguliwa. Siku moja mama mmoja alisema redio yake inakohoa akipika. Nikaandika "redio inakwaruza", nikidhani naandika kitaalamu. Mzee Ngonyani akanirudishia daftari. "Kakwambia inakohoa akipika. Andika inakohoa akipika." Aliifungua akakuta moshi wa jikoni na mafuta vimeganda kwenye kitufe cha sauti. Neno langu la kitaalamu lingempeleka kwenye spika.

"Mashine ni bubu," alikuwa akisema. "Mwenye nayo ndiye mdomo wake. Ukimkatisha, umejiziba masikio mwenyewe."

Nililehemu kwa mara ya kwanza Zuberi akiwa amelala mgongoni kwangu. Alikua akinusa risasi ya kulehemu ikiyeyuka kama watoto wengine wanavyonusa maziwa. Wadogo zangu wote walisoma wakamaliza. Mimi nilimaliza redio, nikahamia kaseti, kisha televisheni, kisha madishi. Wateja walikuwa wakifika kibandani wakiniuliza, "Fundi yuko wapi?" Niliwajibu, "Kaa kwenye stuli, anakuja," nikainua kifaa chao nikaanza. Baadhi waliendelea kutazama mlangoni mpaka nilipomaliza.

Mzee Ngonyani alipofariki nilipanda Lushoto mjini nikafungua hili duka. Kamera za ulinzi zilipoanza kuingia kwenye nyumba za watu nilikuwa tayari mtu mzima, nikajifunza kwa kufungua na kuharibu. Huku kwetu kamera ina maadui zake. Ukungu unaipofusha asubuhi. Buibui anapenda joto la zile taa zake za usiku, anafuma mbele ya kioo, na mwenye nyumba anakupigia simu akisema ameona kiumbe chenye miguu minane kikubwa kuliko geti. Nimewahi kwenda Mtae na ngazi juu ya gari la viazi, nusu siku ya barabara mbovu, kumwondoa buibui mmoja.

Lakini kamera inayoonyesha picha bila kurekodi ni ugonjwa mwingine. Kagua umeme, kagua nyaya za diski, kagua kama diski imejaa, kagua saa na tarehe. Hayo mnayajua. Nataka kuwaambia ambalo halimo kwenye orodha.

Mama Sharifa ni mkulima wa mboga. Nyumba yake iko kwenye mteremko nje kidogo ya mji, bustani yake iko bondeni chini. Amenizidi umri kidogo, ni mpole, hapandishi sauti. Zuberi alimfanyia kazi miaka saba, akisimamia umwagiliaji. Nilimfungia kamera mbili, moja getini na moja inayotazama ua na banda la pampu. Mashine ya kurekodia niliiweka sebuleni, juu ya kabati la televisheni, karibu na dirisha. Nilipomaliza nikamwambia maneno ambayo mafundi husema huku wakikunja nyaya, akili ikiwa imeshafika nyumbani: "Dada, mashine hii ikinge na vumbi, itakaa miaka."

Ilifanya kazi miezi minne bila neno.

Kisha ikaja Jumamosi ya harusi. Mpwa wake alikuwa anaoa Soni, na nyumba nzima ilishuka asubuhi. Zuberi alibaki peke yake. Walirudi magharibi na wageni, mvua ikinyesha, na wakati wanaingia umeme ukakatika kwa robo saa. Asubuhi ya Jumapili wakakuta pampu haipo. Kiangazi kilikuwa kinaanza na kabichi zilikuwa ndiyo kwanza zinafunga. Bila pampu, bustani ile ilikuwa imekwisha.

Bakari, mdogo wake Mama Sharifa, akafungua mashine. Picha zilikuwepo mpaka saa nane kasoro dakika kumi mchana. Baada ya hapo hakuna kitu. Zikaanza tena saa moja na robo jioni, umeme uliporudi. Bakari akasema, "Kamera haipofuki yenyewe na kupona yenyewe. Kuna mtu kaizima, kisha kaiwasha katika ile vurugu ya kiza." Mtu aliyekuwa na ufunguo wa sebule alikuwa mmoja tu. Mchana huo wakamchukua Zuberi kituoni.

Nilimkuta nyuma ya dirisha la nondo, shati lake la shamba likiwa bado na udongo. Niliwahi kumwona akiumwa, akifiwa, akishindwa mtihani. Sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa vile.

"Uliizima?" nikamuuliza.

"Sikuigusa, dada. Nilikuwa bondeni tangu saa sita. Saa kumi nilipanda kunywa maji. TV ilikuwa inaonyesha ua kama kawaida."

"Saa kumi haiwezekani. Saa kumi mashine ilikuwa imezimwa."

"Nakwambia nilichoona."

"Zuberi, mimi ndiye niliyekulea. Naujua uso wako ukiwa umelamba sukari ya kuiba."

Akanitazama. Kisha akaugeukia ukuta.

Afande aliyeshika kesi alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya muda aliokuwa nao. "Fundi," akaniambia, "mashine umeifunga wewe na mtuhumiwa ni mdogo wako, kwa hiyo neno lako peke yake halina uzito hapa. Nionyeshe kwa macho kwamba inaweza kuacha kurekodi bila mtu kuizima. Jumanne saa tisa alasiri nafunga jalada. Nikifunga nilivyo nalo sasa, anakwenda mahakamani."

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwa Mama Sharifa. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Bakari nimemzidi miaka mingi, alipaswa kunipa shikamoo. Alisema, "Karibu, fundi," akakaa mlangoni kama mlinzi. Sebule bado ilikuwa imepambwa kwa ajili ya wageni wa harusi, makochi yamevishwa vitambaa, meza imevishwa, redio imevishwa, hata mashine yangu imevishwa. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikaondoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwenye mkono wa kochi. Nikaanza.

Nilipima adapta. Nzima. Nilichomoa nyaya za diski nikazirudisha. Zimekaza. Diski ilikuwa na nafasi tele. Saa na tarehe sawasawa. Nikafungua kumbukumbu ya matukio, pale mashine inapoandika yenyewe ilizimwa lini na kuwashwa lini. Kulikuwa na kuwashwa saa moja na robo jioni, lakini kabla ya hapo, tangu saa nane kasoro, hapakuwa na kitu. Mashine za aina ile huandika matukio yake ndani ya diski ileile inayohifadhi picha, kwa hiyo kama diski ndiyo iliyolala, hakuna pa kuandika kwamba imelala. Na mtu akichomoa waya ghafla, matokeo ni yaleyale.

Nikaiacha irekodi. Saa nane ikafika na jua likaingia dirishani, saa nane ikapita. Ilirekodi kila jani lililotikisika uani. Saa kumi ilikuwa inarekodi. Saa kumi na moja ilikuwa inarekodi.

Bakari akasema, "Leo Zuberi hayupo, leo mashine nzima. Au nakosea, fundi?"

Mama Sharifa aliniletea chai. Aliiweka mezani akasema polepole, "Mdogo wangu, sikutaka iwe yeye. Miaka saba ananiita mama." Hilo liliniumiza kuliko maneno ya Bakari, kwa sababu lilisemwa na mtu aliyekwisha kuamini.

Nami nilikuwa nimeanza kuamini. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Nilishuka mjini nikipanga jinsi ya kuwaeleza wadogo zangu wengine, na kama kuna mtu wa kumwomba Mama Sharifa asamehe. Nilikuwa nimefunga jalada kabla ya afande.

Jumanne asubuhi nilipeleka uji kituoni. Zuberi alikunywa nusu.

"Leo saa tisa," nikamwambia. "Kama kuna kitu hujasema, kiseme."

"Nimeshasema."

"Sema tena."

"Ili useme tena haiwezekani?" Akafuta midomo. "Saa kumi nilipanda kunywa maji. TV ilikuwa inaonyesha ua. Kulikuwa na jogoo kwenye ngazi ya banda. Nilimwona kwenye TV, nikatoka nje nikamfukuza. Basi."

Nilikuwa na daftari mkobani. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu, nikalitoa. Mkono ukaandika kama ulivyozoea tangu utotoni: Mteja anasema. Nikaandika kila neno, na jogoo wake. Kisha nikasoma nilichoandika.

Picha inaonekana kwenye TV. Haimo kwenye kumbukumbu.

 Mashine iliyozimwa haionyeshi jogoo. Kama mteja yeyote angeketi kwenye stuli akaniambia hayo, ningejibu kabla hajafunga mdomo: diski imelala na mashine iko macho. Nimewaambia wateja hivyo mara ngapi? Mdogo wangu alinieleza ugonjwa wote Jumapili, kwa maneno safi, nami nikasikiliza sukari.

Nilipanda kwa Mama Sharifa karibu kwa mbio, magoti haya haya. Ilikuwa saa nne. Njiani nikawaza: diski hulala kwa waya, kwa umeme dhaifu, au kwa joto. Waya nimekagua, umeme nimepima. Joto? Lushoto, mahali tunapolala na blanketi mbili? Na jana jua liliipiga dirishani mchana kutwa, ikastahimili.

Nilipoingia sebuleni, Sharifa, binti wa nyumba, alikuwa amekwisha kufagia na kupanga, maana wageni wa harusi walikuwa bado wanapishana. Mashine ilikuwa imefunikwa tena. Kitambaa kile cheupe chenye maua ya kijani kilikuwa kinaning'inia mpaka chini ya matundu yake ya hewa, kimenyooshwa vizuri. Nikanyoosha mkono nikitoe, kama jana.

Mkono ukasimama hewani.

"Sharifa," nikasema, "kitambaa hiki hukaa hapa siku zote?"

"Hapana, mama mdogo. Vitambaa tunavitoa siku za wageni tu. Idi, harusi."

"Hiki mmekifuma lini?"

"Mama kakimaliza Ijumaa, cha mwisho kwenye seti. Tukakiweka Jumamosi asubuhi kabla hatujaenda Soni. Si ulisema mashine isipate vumbi?"

Mama Sharifa alikuwa amesimama mlangoni. "Ulisema," akasema. "Nikasema basi nayo niifumie yake, isione wivu kwa redio."

Jana, kwa adabu zangu za kifundi, nilikuwa nimeuvua ugonjwa nikaukunja na kuuweka kwenye kochi, kisha nikashinda kutwa naitazama mashine nzima nikishangaa kwa nini haiumwi. Mimi kwangu sina vitambaa. Wasichana wenzangu walipojifunza kufuma mimi nilikuwa kibandani. Kwangu kitambaa kilikuwa kitu cha kuondoa ili kazi ianze. Mafundi wenzangu wanaume nao, sidhani kama mmoja wao amewahi kukitazama.

Nikamwomba Mama Sharifa amwite afande. Nikamwomba Bakari naye aje. Bakari aliponiona nimekaa akasema, "Leo unafanya uganga gani?"

"Leo sifanyi kitu," nikamjibu. "Nitakaa hapa mlangoni, mikono yangu mapajani. Mashine nimeikuta imewashwa na imefunikwa, iacheni hivyo. Sharifa ndiye atakayeshika kipanya. Akinyanyuka mtu kuigusa, mseme."

Afande alifika saa sita na nusu. Alama nyekundu ya kurekodi ilikuwa kwenye pembe ya televisheni, ndogo kama punje ya mtama. Tukakaa watu watano tukitazama punje ya mtama. Jua lilikuwa limeshaukata ukungu, likaingia dirishani, likapanda kwenye zulia, likashika mguu wa kabati. Saa saba. Likapanda kwenye kabati.  Uani kuku walikuwa wanaparua, na kwenye televisheni kuku walikuwa wanaparua. Saa saba na nusu jua likafika kwenye kitambaa, maua ya kijani yakang'aa.

Saa nane kasoro dakika kumi ikafika. Punje ya mtama ilikuwepo.

Bakari akatazama simu yake. "Saa yake imefika," akasema. "Fundi, mbona mgonjwa anacheka?"

Afande akabadilisha mguu. Mama Sharifa alikuwa anasoma kitu kimoyomoyo, midomo inacheza. Jasho lilinishuka mgongoni, pale pale alipokuwa akilala Zuberi. Saa nane. Kama nimekosea, hapakuwa na siku nyingine. Saa nane na dakika tano. Nilitaka kunyanyuka niiguse, nione joto limefika wapi. Nikakalia mikono yangu.

Saa nane na dakika kumi na mbili alama nyekundu ikazimika. Picha haikutikisika. Kuku waliendelea kuparua.

"Imezimika ile," akasema Sharifa kwa kunong'ona.

"Picha si ipo?" akasema Bakari. "Inarekodi hiyo. Picha ipo."

"Bakari," nikasema, "nenda uani. Simama mbele ya banda uipungie kamera mkono."

Akamtazama afande. Afande akasema, "Nenda, bwana." Akatoka akinung'unika. Tukamwona kwenye televisheni, amevaa kofia yake ya kufuma, anapunga mkono kama mtu anayesimamisha gari lisilo lake. Jogoo alipita nyuma yake. Akarudi ndani.

"Sharifa, rudisha nyuma. Tuonyeshe mjomba wako akipunga mkono."

Sharifa akatafuta. Picha zilifika saa nane na dakika kumi na mbili zikakoma. Ua ulikuwa mtupu. Akajaribu tena. Hakuna Bakari. Hakuna jogoo.

Afande aliinuka akasogea mpaka karibu na televisheni, mikono nyuma. "Bwana Bakari," akasema, "kwa ushahidi wa mashine hii, wewe hukwenda uani."

"Nimekwenda! Si mmeniona nyote?"

"Tumekuona. Na yule kijana naye anasema aliona picha saa kumi. Tulimwambia mwongo."

Nikamwomba afande mwenyewe aweke kiganja juu ya kitambaa. Alikiondoa haraka. Baada ya hapo nikaeleza: diski ikizidi joto hujilaza, haiandiki kipya ingawa cha zamani husomeka, na mashine yenyewe huendelea kuonyesha, umeme ulipokatika Jumamosi jioni mashine ilizimika ikapoa, uliporudi diski ikaamka, na jua lilikuwa limeshazama. Hakuna mkono wa mtu. Jumapili kulikuwa na mawingu kutwa. Jana ilistahimili jua kwa sababu ilikuwa wazi, niliivua mwenyewe. Kisha nikasema lililobaki, kwa sababu kama nisingelisema Mama Sharifa angelibeba. "Kitambaa hakina kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aikinge na vumbi, na sikumwambia aikingeje. Nilimwona mwenye nyumba yenye vitambaa hamsini, sikufikiri atakinga kwa kitu gani."

Bakari alivua kofia, akaivaa tena. Akapita mbele yangu kuelekea nje, akasimama. "Shikamoo, dada," akasema, akitazama zulia.

"Marahaba," nikamjibu.

Pampu haikupatikana mpaka leo. Bonde lina njia nyingi, na Jumamosi ile mlima wote ulijua kwamba nyumba ile iko harusini. Afande aliandika hivyo.

Zuberi alitoka saa kumi. Mama Sharifa alikuwa kwenye ngazi za kituo, akamshika mikono yote miwili wakazungumza Kishambaa, nikasogea pembeni. Baadaye tulitembea mimi na yeye mpaka sokoni. Pale kwenye kona ya wauza matunda ya plamsi akasimama.

"Dada, ulipokuja Jumapili, uliamini ni mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amechoka, angekubali.

"Niliamini," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima kitu akapata kipimo alichotegemea. "Ningekuwa mteja ungenisikiliza," akasema. Akapanda njia ya kwake.

Wiki moja baadaye Mama Sharifa aliniletea kitambaa dukani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Alisema akikiona anaona haya. Nikamwambia haya ni zangu, kwa hiyo kikae kwangu. Ndicho hicho mnachokiona. Zuberi alirudi kwenye kazi yake. Kwangu alikuwa anakuja Idi, anasalimia, anakula, anaondoka. Hakuwa na maneno makali. Hakuwa na maneno.

Mwezi wa tano au wa sita tangu hapo, siku ya gulio, aliingia dukani na simu mkononi. Haikuwa inachaji. Alisimama karibu na mlango, akainyoosha juu ya meza. "Itazame tu ukipata nafasi," akasema, akageuka aondoke.

"Kaa kwenye stuli," nikasema.

Akasita. Akakaa. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikashika kalamu.

"Jina?"

"Dada, jina langu unalijua."

"Jina."

Alinitazama, akatazama daftari, akatazama ukuta wenye picha ya Mzee Ngonyani.  "Zuberi," akasema.

Nikaandika Zuberi. Chini yake nikaandika Mteja anasema, nikapiga mstari. Nikaiacha simu pale ilipo, sikuigusa.

"Haya," nikamwambia. "Uliona nini?"

Akavuta stuli ikasogea karibu na meza, akaanza kunieleza tangu mwanzo.